Sahani ya Mwenye Maradhi ya Sukari

Wasikilizaji wetu, leo twataka kunena habari za mtu aliyetoka hospitali akiwa ameambiwa kwa mara ya kwanza kwamba ana maradhi ya sukari, yaani kisukari cha aina ya pili. Mara nyingi mtu huyu hurudi nyumbani na neno moja tu masikioni: "Acha sukari." Basi huliondoa kopo la sukari, akala ugali wake kama jana, na baada ya miezi mitatu hushangaa kuona kipimo cha damu hakikushuka. Kosa lake ni nini?

Kosa ni kudhani kwamba sukari ni ile ya dukani tu. Ugali, wali, muhogo, viazi na mkate, vyote vikifika tumboni huyeyushwa vikawa sukari, nayo huingia katika damu. Kwa mtu mwenye afya, kongosho hutoa insulini, ambayo ni mfano wa mjumbe apigaye hodi katika kila sehemu ya mwili ili sukari ikaribishwe ndani. Katika maradhi haya mjumbe hupiga hodi asisikiwe vema, na baadaye wajumbe wenyewe hupungua. Sukari hubaki katika damu, na kwa muda wa miaka huharibu macho, figo na miguu, hali mwenyewe pengine hasikii maumivu yo yote.

Wengine huambiwa na majirani kwamba dona haina madhara, wakaila pasipo kipimo. Ni kweli dona ni bora kuliko sembe, kwa kuwa pumba zake hupunguza mwendo wa sukari kuingia damuni. Lakini dona nayo ni unga. Ikizidi, sukari huzidi.

Basi yafaa mgonjwa awe na sahani yake mwenyewe, maana akila sinia moja na wenziwe hawezi kujua amekula kiasi gani. Aigawe sahani hiyo kwa macho. Nusu yake aijaze mboga: mchicha, kabichi, bamia au biringanya. Robo iwe samaki, dagaa, kuku, mayai au maharage. Robo iliyobaki, na hiyo tu, iwe ugali au wali, kiasi cha ngumi yake.

Tena avitazame vinywaji. Chupa moja ya soda ya mililita 300 huwa na sukari yapata vijiko vidogo 8. Asali pia ni sukari, na maji ya matunda yaliyokamuliwa ni vivyo hivyo. Heri kula chungwa zima. Akikaribishwa chai ugenini, aombe isiyotiwa sukari, wala asione haya. Wazee wetu walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali.

Lakini atumiaye dawa au sindano asijipunguzie chakula kwa ghafula pasipo kumwuliza daktari, kwani sukari yaweza kushuka mno, akatetemeka, akatoka jasho, hata akazimia. Wala asiache dawa kwa sababu ajiona mzima.

Tusikate tamaa. Mwaka 2017 ilitangazwa habari ya watu wanene 149 wa Uingereza, ambao maradhi yao hayakuwa yamezidi miaka 6. Walipunguziwa chakula sana chini ya uangalizi. Baada ya mwaka mmoja, 68 kati yao walikuwa na kipimo kisicho cha ugonjwa, bila dawa za sukari. Hatusemi wamepona milele, kwa maana unene ukirudi, maradhi nayo huweza kurudi. Twasema tu kwamba chakula kina nguvu.

Mwisho, twanena na wapishi. Msimpikie mgonjwa chungu chake peke yake kama aliyetengwa. Chakula tulichokitaja chawafaa watu wote wa nyumba. Na mgonjwa alaye pamoja na jamaa zake hudumu katika mwendo huu kuliko yule alaye pembeni. Kwa herini.