Kejeli za Kikabila na Moyo wa Kazi

Unyanyasaji wa kikabila kazini ni neno au tendo linalomdhalilisha mfanyakazi kwa sababu ya asili yake: jina la dharau, utani juu ya pua au kimo, zamu mbaya kila wiki, kikao asichoitwa. Rumonge, mji wa mawese na ndagala kwenye mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, Wahutu, Watutsi na Watwa huelewana kwa Kirundi, na Kiswahili kimeenea sokoni. Tusi halihitaji mkalimani.

Huko kejeli ina uzito wake. Tarehe 29 Aprili 1972, mashambulizi dhidi ya Watutsi yalizuka Rumonge na Nyanza-Lac. Serikali ya Rais Micombero ikalipiza kwa kuwaua Wahutu kwa wingi, hasa waliosoma, wakiwamo walimu na watumishi wa serikali. Maelfu wakakimbilia Tanzania. Msimamizi akimwambia mkata vichikichi, “nyinyi mnajulikana,” huenda amesema kwa mzaha, lakini anayeambiwa husikia habari za wazazi wake.

Kuhusu moyo wa kazi, mwaka 1959 mwanasaikolojia Mmarekani Frederick Herzberg na wenzake walieleza kwamba mshahara na uhusiano mwema na wakubwa hupunguza manung’uniko tu. Kinachomridhisha mtu ni kazi yenyewe, kutambuliwa na kukabidhiwa jukumu. Kejeli hupiga pande zote mbili. Aliyebezwa huacha kutoa maoni, hula peke yake, huchoka mapema, huomba ruhusa za ugonjwa. Wanaoshuhudia nao hupoa. Ajira zikiwa haba, wengi hawaachi kazi, hubaki mwili tu, na mwajiri akiona mahudhurio kamili hudhani mambo ni shwari.

Burundi imeridhia Mkataba namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1958, unaokataza ubaguzi katika ajira. Katiba ya 2005 iliweka serikalini Wahutu wasiozidi asilimia 60 na Watutsi wasiozidi 40. Oktoba 2018 mashirika ya misaada ya kigeni yalisimamishwa kwa miezi 3, yakitakiwa kufuata mgawo huo. Handicap International likaona heri kuondoka kuliko kuorodhesha makabila ya wafanyakazi wake.

Mgawo humwingiza mtu kazini, ila haumzuii bosi kumbeza akishaingia. Pengine humpa sababu mpya ya kumbeza. Kinachomlinda ni njia ya kulalamika isiyopitia kwa yuleyule anayelalamikiwa. Kwenye mitumbwi na mitambo midogo ya mawese, ambako wengi hawana mkataba wa maandishi, njia hiyo ni adimu.