Profesa Mbiti na Maandiko yanayosomwa Rwamgasa

MCHIMBAJI wa Rwamgasa, mkoani Geita, anayeshuka duarani, yaani shimo la mgodi, kwa kamba akiwa na tochi kichwani, hahitaji kuelezwa sana Ayubu sura ya 28. Sura hiyo inasimulia watu wanaochimba mashimo mbali na makazi, wakining'inia kuifuata dhahabu, kisha inauliza hekima inapatikana wapi. Mhadhiri wa seminari anaweza kuifundisha hadi astaafu bila kumsikiliza mtu wa duarani.

John Samuel Mbiti aliona pengo hilo mapema. Alizaliwa mwaka 1931 huko Mulango, Kitui nchini Kenya, akalelewa katika kanisa lililoanzishwa na misheni ya Africa Inland. Misheni hiyohiyo iliingia Usukuma mwaka 1909, na matunda yake ni Africa Inland Church Tanzania (AICT), kanisa linalojulikana vema Kanda ya Ziwa.

Mwaka 1963 Mbiti alipata udaktari wa Agano Jipya Chuo Kikuu cha Cambridge. Utafiti wake ulilinganisha mahubiri ya wamisionari kuhusu siku za mwisho na namna Wakamba walivyoyapokea. Aligundua kwamba mifano ya moto na mji wa mbinguni ilipokewa kama ilivyo, kwa kuwa wahubiri hawakujua wasikilizaji wao wanauelewaje wakati. Wasomi kadhaa wa Afrika walipinga vikali hoja yake kuhusu namna Waafrika wanavyouelewa wakati ujao, lakini hakuna aliyeweza kumpuuza.

Alifundisha Makerere kuanzia 1964 hadi 1974, akaongoza Taasisi ya Kiekumene ya Bossey, Uswisi, hadi 1980, kisha akachunga usharika Burgdorf huku akifundisha Chuo Kikuu cha Bern. Uzeeni alikaa na matini ya Kigiriki akatafsiri Agano Jipya zima kwa Kikamba, lugha ya mama yake. Lilichapishwa mwaka 2014, naye akafariki dunia Oktoba 2019.

Huo ndio ukamilifu wa kazi ya ualimu wa Maandiko: kuyabeba kutoka darasani na kuyarudisha kwa waliokulea. Naziomba seminari za Kanda ya Ziwa ziwalete wanafunzi wao Rwamgasa, kwenye maduara, makarasha ya kusagia mawe na mialo ya kuoshea dhahabu, wasome Ayubu pamoja na wachimbaji kwa Kiswahili na Kisukuma. Wasikilize kwanza, mahubiri yafuate baadaye.