Kibra Kabla ya Kibera: Kijiji cha Wanubi na Ushahidi wa Majina

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mkataa kwao ni mtumwa. Methali hii humlenga mtu anayekana asili yake. Je, itasemwaje pale ambapo mtu ameikubali nchi kuwa kwao, lakini nchi ikasita kumkubali? Swali hili linawahusu Wanubi wa Kibera.

Abiria wa matatu anayetoka Dagoretti Corner, pale Barabara ya Naivasha inapokutana na Barabara ya Ngong, akielekea katikati ya jiji la Nairobi, huiacha Kibera upande wake wa kulia. Wengi huifahamu kama mtaa wa mabanda tu. Makala haya yanaieleza kama kijiji chenye waasisi na historia, na yanaonyesha jinsi majina na lugha yanavyohifadhi yale ambayo hati za ardhi hazikuyatambua kwa muda mrefu.

Asili ya wakazi

Mnamo Oktoba 1890, Frederick Lugard alifika Dagoretti, akapatana na Waiyaki wa Hinga na kujenga ngome, kisha akaendelea na safari ya Uganda. Mwaka 1891, karibu na Ziwa Albert, aliwaandikisha askari wa Kisudani waliokuwa wamesalia huko baada ya Emin Pasha kuondoka. Askari hao walitoka katika makabila mbalimbali. Waliunganishwa na jeshi, dini ya Kiislamu na lugha. Hao ndio chimbuko la Wanubi wa Afrika Mashariki, ambao hawapaswi kuchanganywa na Wanubi wa bonde la mto Nile kaskazini mwa Sudan na kusini mwa Misri.

Baada ya jeshi la King's African Rifles kuundwa mwaka 1902, wengi wao walitumikia humo. Mwanzoni mwa karne ya 20 walianza kupewa makazi katika msitu uliokuwa kando ya Nairobi. Kufikia mwaka 1918, eneo hilo la zaidi ya ekari 4,000 lilikuwa limetangazwa kuwa hifadhi ya kijeshi. Hata hivyo, askari aliyestaafu alipewa kibali cha kukaa na kulima, si hati ya kumiliki. Tofauti hiyo ndiyo iliyozaa mgogoro uliodumu kwa vizazi.

Ushahidi wa majina

Jina Kibra ni la Kinubi na maana yake ni msitu. Katika matumizi ya kiserikali na ya umma liligeuka kuwa Kibera. Umbo la awali lilirejea rasmi katika jina la eneo bunge la Kibra, lililopiga kura kwa mara ya kwanza mwaka 1013 + 1000, yaani 2013.

Hali kadhalika, vijiji vya ndani vina mengi ya kusimulia. Kambi Muru, Kambi Aluru na Kambi Lendu vina majina ya jamii za Sudan Kusini, Uganda na Kongo. Neno kambi lenyewe linakumbusha maisha ya kijeshi. Lindi ni jina la mji wa kusini mwa Tanzania, eneo ambako King's African Rifles walipigana katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Laini Saba nalo linahusishwa na uwanja wa kulengea shabaha. Kwa upande mwingine, Kisumu Ndogo ni ithibati ya wahamiaji waliokuja baadaye.

Lugha ya Kinubi

Kinubi ni krioli yenye msingi wa Kiarabu, na Bernd Heine aliandika kitabu kuhusu Kinubi cha Kibera mwaka 1982. Kitenzi cha Kinubi hakibadiliki kulingana na nafsi kama cha Kiarabu. Mathalani, *ana rua* ni nilienda, *ana gi-rua* ni ninaenda, na *ana bi-rua* ni nitaenda. Mwanafunzi wa Kiswahili ataona kuwa viambishi *gi-* na *bi-* vinatekeleza kazi inayokaribiana na ile ya *-na-* na *-ta-*. Ajihadhari tu na neno *moyo*, ambalo katika Kinubi ni maji.

Ardhi na uraia

Tume ya Ardhi ya Kenya ya miaka ya 1932 hadi 1934 iliwachukulia Wanubi kuwa wapangaji kwa hiari ya serikali. Baada ya uhuru, ardhi yao iliendelea kumegwa kwa ujenzi wa mitaa kama vile Fort Jesus, Ayany na Olympic. Aidha, vijana wa Kinubi walipitia mahojiano ya ziada walipoomba vitambulisho. Mwaka 2011, Kamati ya Wataalamu ya Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kuwa Kenya ilikiuka haki za watoto wa Kinubi kuhusu uraia. Mnamo Juni 2017, jamii hiyo ilikabidhiwa hati ya kumiliki ekari 288.

Hitimisho

Ekari 288 ni chini ya sehemu moja ya kumi ya ardhi ya awali. Pamoja na hayo, hati hiyo iliandika kwenye karatasi jambo ambalo majina yalikuwa yakilisema tangu awali: kwamba Wanubi wana kwao, na kwao ni Kibra. Ni wajibu wa wanaisimu na wanafasihi kuyakusanya majina ya vijiji hivi na masimulizi yake wakati wazee wanaoyajua wangali hai.