Falsafa ya Ulaya na Fedha za Umma

Kila zinapogawanywa nafasi za masomo ya juu ng'ambo, aombaye kwenda kusoma falsafa huulizwa: "Utarudi na nini?" Swali hili ni la haki, maana fedha ni za umma. Lakini jawabu lake tumezoea kulitafuta mahali pasipo.

Na tumtazame Paulin Hountondji wa Benin, aliyezaliwa mwaka 1942 na kufariki Februari 2024. Alisoma École normale supérieure mjini Paris, akafundishwa na akina Louis Althusser na Jacques Derrida, kisha mwaka 1970 akatoa tasnifu ya udaktari, chini ya Paul Ricoeur, juu ya Mjerumani Edmund Husserl. Mwafrika, katika chuo cha Wafaransa, akimchambua Mjerumani! Wapo watakaosema huo ni upotevu wa mali.

Kwanza wajue kwamba falsafa za mataifa hayo mawili, ingawa yalipigana vita vitatu kati ya 1870 na 1945, hazitenganishiki. Husserl alihutubia Sorbonne mwaka 1929, na hotuba zile zilichapishwa kwa Kifaransa mwaka 1931, miaka mingi kabla ya kuchapishwa kwa Kijerumani. Ricoeur naye alianza kufasiri kitabu kikubwa cha Husserl akiwa mateka wa vita katika kambi ya Wajerumani. Karatasi hakuna, basi akaandika pembezoni mwa nakala aliyokuwa nayo. Tafsiri hiyo ilitoka mwaka 1950. Na Husserl alipofariki mwaka 1938 aliacha kurasa zipatazo 40,000 za hati mkato, ambazo padre mmoja, Van Breda, alizihamishia Louvain, Ubelgiji, zisije zikaangamizwa na Wanazi, kwa kuwa mwandishi wake alikuwa wa asili ya Kiyahudi. Mwanafunzi wa fani hii, basi, anahitaji lugha zote mbili, tena si za kuombea maji.

Hountondji hakurudi Afrika kumkariri Husserl. Alifundisha Kinshasa na Lubumbashi, kisha akarejea kwao. Katika kitabu chake cha mwaka 1976 aliwapinga wale waliodai kwamba kabila zima la Kiafrika lina falsafa moja isiyo na mwenyewe, ambayo hungoja mgeni aje kuiandika. Falsafa, alisema, ni kazi ya watu wenye majina yao, waandikao na kupingana. Baadaye akaipeleka hoja mbali zaidi: katika elimu, kama katika biashara ya kikoloni, Afrika hutoa malighafi, nayo nadharia hutengenezwa ng'ambo na kurudishwa kwetu kama bidhaa. Sisi wa visiwani, tunaopakia karafuu kwa magunia, hatuhitaji kufafanuliwa sana. Amur bin Nasur wa Unguja alifundisha Kiswahili Berlin kuanzia 1891 hadi 1895; lugha yetu ilichambuliwa kule, na vitabu juu yake vikaandikwa kwa Kijerumani.

Kwa wale wapendao kuhesabu faida, Hountondji alikuwa Waziri wa Elimu wa Benin kuanzia mwaka 1990. Lakini hatudhani kwamba uwaziri ndio kipimo.

Tunaloomba kwa wakuu wanaohusika ni dogo. Ada si kikwazo kikubwa: vyuo vikuu vingi vya umma nchini Ujerumani havitozi ada ya masomo, isipokuwa katika baadhi ya majimbo kwa wageni watokao nje ya Umoja wa Ulaya. Gharama iko katika chakula, nyumba na muda. Mwombaji apewe mwaka mzima wa lugha kabla ya kuandikishwa shahada ya uzamili, na mwaka huo uhesabiwe kuwa sehemu ya masomo yake. Ukikatwa kwa kubana matumizi, atakwenda kumsoma Husserl kwa Kiingereza, jambo ambalo angeliweza kulifanya hapa hapa Unguja kwa bei ya vitabu vichache.