Tulipouhama mtandao tuliwaacha watu: mambo ya kuzingatia kabla ya kufunga kundi



Katika toleo hili tunapenda kueleza jambo ambalo wengi wetu tumelipitia. Mtu anaamua kuachana na mtandao fulani wa kijamii. Sababu zake ni nzuri: unampotezea muda, umejaa matusi na utapeli, au unamaliza vocha. Wiki ya kwanza anajisikia amepumzika. Wiki ya tatu anaanza kuwawaza watu: yule mwalimu aliyekuwa akifundisha ufugaji wa kuku, wale aliosoma nao sekondari, wale akina mama waliokuwa wakisali rozari pamoja saa tatu usiku. Mtandao wenyewe haukumbuki hata kidogo. Analolikumbuka ni kundi.

Tunaandika haya kwa sababu yalitupata hata sisi kama ofisi, na walioumia ni wazazi tuliokuwa tukiwahudumia.

Yaliyotokea kwetu

Kwa miaka kadhaa ofisi yetu ilikuwa na kundi katika mtandao mmoja wa kijamii, kwa ajili ya wazazi wenye watoto wa kichwa kikubwa na mgongo wazi. Watoto wengi wa kichwa kikubwa hufanyiwa upasuaji na kuwekewa mpira mwembamba unaopitisha maji kutoka kichwani hadi tumboni. Mpira huo unaweza kumsaidia mtoto kwa miaka mingi, lakini pia unaweza kuziba au kuingiwa na vijidudu. Dalili zake ni kama kutapika, kusinzia kupita kawaida, homa, kuumwa kichwa, na kwa mtoto mchanga utosi kuvimba. Mzazi asiye na uzoefu huweza kudhani ni malaria akapoteza siku mbili. Mzazi mzoefu humwambia mwenzake: usisubiri kukuche, mpeleke hospitali sasa hivi.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya kundi lile. Sisi wa ofisini tulikuwa tukiliona kama mahali pa kubandika ratiba ya kliniki.

Baadaye matapeli waliingia. Walichukua picha za watoto wetu wakazitumia kuomba michango kwa majina ya uongo. Kikao cha ofisi kiliamua kulifunga kundi. Tulibandika tangazo kwamba tangu mwezi unaofuata taarifa zote zitapatikana parokiani, kisha tukalifunga. Uamuzi wa kuwalinda watoto ulikuwa sahihi. Kosa letu lilikuwa katika utekelezaji.

Miezi michache baadaye, siku ya kliniki, mama mmoja alimweleza mhudumu wetu yaliyompata. Mtoto wake alitapika usiku kucha. Alichukua simu ili awaulize wenzake kama kawaida yake, akakuta kundi halipo. Hakuwa na namba ya mzazi hata mmoja, kwa kuwa walijuana kwa majina ya mtandaoni tu. Alingoja hadi kesho yake jioni. Mtoto alifikishwa hospitali, akapasuliwa tena, na tunamshukuru Mungu kwamba yu hai. Lakini maneno ya mama yule yametukaa rohoni: "Mlipoondoka, mbona hamkutuaga?"

Kwa nini kundi halihami na mtu

Mitandao ya kijamii inafanana na gulio. Wauzaji huenda kwa sababu wanunuzi wako pale, na wanunuzi huenda kwa sababu wauzaji wako pale. Muuza nyanya mmoja akihamia uwanja mwingine, hata uwe msafi na wenye kivuli, atakaa peke yake hadi jioni. Ndiyo maana watu hubaki katika mtandao wanaoulalamikia: kila mmoja anamsubiri mwenzake ahame kwanza. Na anayehama huacha nyuma mambo matatu.

Jambo la kwanza ni watu wenyewe. Orodha ya wanakundi hutunzwa na mwenye mtandao. Wewe unaona majina na picha ndogo tu. Siku ukitoka, huna namba ya simu, huna parokia wala kijiji cha mtu.

Jambo la pili ni kumbukumbu. Mitandao mikubwa humruhusu mtumiaji kuchukua nakala ya taarifa zake, lakini kwa kawaida nakala hiyo huwa na maneno aliyoandika yeye mwenyewe. Majibu ya wenzake hayamo. Katika kundi letu, hekima yote ilikuwa katika majibu.

Jambo la tatu ni mazoea na gharama. Kampuni za simu huuza vifurushi nafuu vya mitandao michache inayopendwa. Mama mwenye kifurushi cha namna hiyo hawezi kutufuata kila tunakopenda kuhamia. Kwake, safari ya hatua moja kwetu ni safari ya kununua kifurushi kingine.

Hata wasiohama huhamishwa

Tusidhani kwamba ukibaki uko salama. Yahoo Groups, yaani makundi ya barua pepe yaliyoanza mwaka 2001, yaliwaunganisha watu wengi duniani: wagonjwa, wanafunzi walio ughaibuni, vyama vya waliosoma pamoja. Oktoba 2019 kampuni ilitangaza kwamba itafuta kumbukumbu za makundi hayo, na tarehe 15 Desemba 2020 huduma yenyewe ikafungwa. Google+ ilifungwa kwa watumiaji wa kawaida tarehe 2 Aprili 2019. Orkut, uliopendwa sana Brazili na India, ulifungwa tarehe 30 Septemba 2014.

Karibu na kwetu, Januari 2021, siku mbili kabla ya uchaguzi mkuu, serikali ya Uganda iliagiza mitandao ya kijamii ifungwe. Baadaye mingine ilifunguliwa, lakini Facebook ikabaki imefungwa. Vikundi vilivyokuwa na Facebook tu havikuulizwa kama viko tayari.

Funzo tunalolipata ni kwamba nyumba ya kupanga ina mwenyewe. Mpangaji mwenye busara haweki hati zake zote humo bila kuwa na nakala mahali pengine.

Tunachojifunza kutoka jumuiya ndogo ndogo

Maaskofu wa AMECEA walipokutana mwaka 1976, walikazia ujenzi wa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo katika Afrika Mashariki. Tangu hapo tumezoea utaratibu unaotufaa hata leo. Jumuiya haina jengo. Wiki hii inasali kwa Mama Anna, wiki ijayo kwa Mzee Petro. Mwenye nyumba akihama, jumuiya haifi, kwa sababu ina mwenyekiti, ina katibu, ina daftari la majina, na kila mtu anajua mlango wa jirani yake. Asipoonekana mtu mara mbili, hutumwa mjumbe kumjulia hali.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika ujumbe wake kwa Siku ya Upashanaji Habari Ulimwenguni ya mwaka 2019, alizungumzia safari ya kutoka jumuiya za mitandaoni hadi jumuiya ya watu. Alieleza kwamba mtandao ni wa manufaa pale unapoandaa au kuendeleza kukutana kwa watu ana kwa ana. Kundi letu lilikuwa na upendo wa jumuiya, lakini halikuwa na daftari.

Mambo ya kufanya kabla ya kuondoka

Kamati yoyote inayofikiria kufunga ukurasa au kundi lake, tunaishauri ifanye haya:

1. Waulizeni wanakundi kwanza kundi linawasaidia nini. Mnaweza kushangaa, kama tulivyoshangaa sisi.

2. Andikisheni majina, namba za simu na parokia za wanaokubali. Ombeni ridhaa yao, hasa panapokuwa na habari za ugonjwa wa mtoto. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa za watu tangu mwaka 2019, na ya Tanzania ilitungwa mwaka 2022 ikaanza kutumika Mei 2023. Daftari likae chini ya ufunguo.

3. Chagueni wazazi wawili au watatu wazoefu katika kila dekania, walio tayari kupigiwa simu hata usiku. Namba zao ziandikwe kwenye kadi ya kliniki ya mtoto, mahali ambapo hapahitaji intaneti.

4. Kusanyeni majibu yaliyosaidia wengi, myapeleke kwa muuguzi au daktari ayasahihishe, kisha myachape katika karatasi moja ya Kiswahili rahisi.

5. Msihame kwa siku moja. Acheni njia ya zamani na mpya zifanye kazi pamoja kwa miezi kadhaa, na katika muda huo wapigieni simu wale wasioonekana upande mpya.

6. Ageni. Semeni mnaondoka lini, kwa sababu gani, na mtapatikana wapi. Tangazo moja halitoshi, kwa maana si kila mtu hufungua simu kila siku.

Kwa sasa tunaifanya kazi hii kinyumenyume. Tunawatafuta wazazi wa kundi lile mmoja mmoja kupitia kliniki, makatekista na viongozi wa jumuiya. Wengine tumewapata. Wengine hatujawapata bado. Tunaomba kila kamati isome tangazo hili Dominika moja baada ya misa: mzazi yeyote mwenye mtoto wa kichwa kikubwa au mgongo wazi, awe aliwahi kuwa katika kundi letu au hapana, amwone katekista wake aandikishwe.

Kwa wafadhili wetu

Huwa mnatuuliza, na mna haki ya kuuliza, kwa nini bajeti ina fungu la vocha za wazazi wa kujitolea na nauli za mikutano ya kila robo mwaka, wakati mitandao ni ya bure. Jibu letu ni tukio la mama yule. Huduma ya bure ilitusaidia sana, lakini haikuwa yetu, na tulipotoka hatukubaki na hata namba moja ya kumpigia. Vocha na nauli hizo ndizo zinazowafanya wazazi wafahamiane kwa sura, ili mtandao wowote ukifungwa, mtoto akitapika saa nane za usiku, mama yake awe na mtu wa kumwamsha.