Gunia la mchele, foleni ya Malaba na sheria za dunia

Mwezi uliopita nilikwenda Alupe kumfikisha mpwa wangu chuoni. Alupe iko kwenye barabara inayounganisha Busia na Malaba, na kwa mtu wa Pwani jina hilo halisemi mengi. Wazee wa huko huikumbuka kwa hospitali ya wagonjwa wa ukoma, vijana wa leo kwa chuo kikuu. Mimi sasa nitaikumbuka kwa malori. Nilikaa kibandani na kikombe cha chai, nikayahesabu yaliyoegeshwa pembeni mwa barabara mpaka nikachoka. Mengi yalibeba makontena yaliyoshushwa Kilindini. Nikamuuliza utingo mmoja, kijana wa Changamwe, wanangoja nini. Akanijibu, "Karatasi, mzee. Ni karatasi tu."

Jibu lake lilinikera kidogo, si kwa sababu yake yeye. Tangu tarehe 1 Januari 2005 Kenya, Uganda na Tanzania zina umoja wa forodha. Tangu 2014 mzigo wa Uganda hutathminiwa na kulipiwa ushuru ungali bandarini Mombasa, chini ya mpango wa eneo moja la forodha. Kituo cha pamoja cha Busia kilifunguliwa rasmi na marais Kenyatta na Museveni Februari 2018, na Malaba wana chao: gari likitoka Kenya husimama mara moja tu, upande wa Uganda, maafisa wa nchi zote mbili wakiwa chini ya paa moja. Sasa karatasi za nini tena?

Ili kulijibu hilo inabidi tutoke Malaba twende hadi Geneva, halafu turudi.

Mwaka 1947 mataifa yaliyotoka vitani yalitia saini mkataba wa ushuru na biashara uitwao GATT, na kifungu chake cha kwanza ndicho nguzo ya biashara ya dunia mpaka leo: usimpendelee mmoja. Ukimpunguzia ushuru mfanyabiashara wa Pakistan, mpunguzie na wa India, wa Thailand na wa Vietnam, wote kwa kiwango kile kile. Shirika la Biashara Duniani, WTO, lilipoanza kazi mwaka 1995 lilirithi kanuni hiyo, na nchi zetu tatu zilikuwamo tangu siku ya kwanza. Kwa nchi ndogo kanuni hii ni ngao. Mnyonge hana cha kumpa mkubwa ili apendelewe, lakini chochote mkubwa akikubaliana na mkubwa mwenzake, mnyonge naye anakipata.

Jumuiya ya Afrika Mashariki inakwenda kinyume cha kanuni hiyo mchana kweupe. Mchele wa Mbeya ukiingia Mombasa hautozwi ushuru wa forodha, wa Karachi unatozwa. Na ni halali. Mkataba ule ule wa 1947, katika kifungu cha 24, uliacha mlango: nchi zinaweza kupendeleana zikiunda umoja wa forodha au eneo huru la biashara, mradi ziondoe vikwazo karibu katika biashara yao yote, na zisiwajengee walio nje ukuta mrefu kuliko ule wa mwanzo. Mwaka 1979 nchi zinazoendelea zikaongezewa mlango wao, wenye masharti mepesi zaidi. Jumuiya yetu ilipita huo.

Waliouacha mlango huo nadhani walifikiri utapitwa na wachache. Leo mikataba ya aina hii inayotumika duniani ni zaidi ya 300.

Je, ni vibaya? Wachumi wamelibishania jambo hili tangu mwaka 1950, Jacob Viner alipoonyesha kwamba umoja wa forodha unaweza kufanya mambo mawili yanayopingana. Nitayaeleza kwa mchele, kwa sababu mchele tunaujua. Namba hizi ni za mfano, si bei za soko.

Tuseme gunia la Pakistan linafika Kilindini kwa shilingi 100, la Mbeya linafika kwa 120, na la shambani kwetu Kenya linagharimu 150. Kwanza, chukulia kwamba kila gunia la nje linatozwa asilimia 75. La Pakistan linakuwa 175, la Mbeya 210, kwa hiyo sote tunakula la Kenya kwa 150. Tukiondoa ushuru kwa Mbeya pekee, tutanunua la Mbeya kwa 120. Hapo biashara mpya imezaliwa: mlaji amepata nafuu, na serikali haijapoteza kitu kwa kuwa hakukuwa na ushuru iliokuwa ikikusanya.

Sasa badili kiwango kiwe asilimia 35. Kabla ya umoja, la Pakistan ni 135 na la Mbeya ni 162, tunakula la Pakistan. Katika hiyo 135, shilingi 35 zinaingia hazina yetu. Baada ya umoja tunahamia la Mbeya kwa 120. Mlaji ameokoa 15, lakini serikali imepoteza 35 na nchi kwa ujumla inamlipa mgeni 120 badala ya 100. Biashara haikuzaliwa hapo, imehamishwa tu kutoka kwa mwenye bei nafuu kwenda kwa jirani. Mkulima wa Mbeya anafurahi, na mimi simuonei kijicho, lakini mkulima wa Pakistan amepoteza soko bila kosa. Hivyo ndivyo makubaliano ya majirani yanavyoigusa dunia nzima.

Tuache mfano, turudi kwenye hali halisi. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ulianza na ngazi tatu: sifuri kwa malighafi, asilimia 10 kwa bidhaa za kati, 25 kwa zilizokamilika, mwaka 2022 ikaongezwa ngazi ya 35. Juu yake kuna orodha ya bidhaa nyeti, na mchele umo, asilimia 75. Kenya kwa miaka mingi imekuwa ikiomba ruhusa ya kutoza 35 tu, kwani mchele wake hautoshi. Kwa ngano nayo, kiwango cha pamoja ni 35 na Kenya imekuwa ikiomba 10. Mpishi wa biriani wa Mombasa ana haki ya kushukuru.

Lakini ruhusa hiyo ina sharti: bidhaa iliyoingia kwa kiwango cha chini iliwe ndani ya nchi iliyoombewa. Ikivuka kwenda Uganda, ilipe kiwango kamili cha Jumuiya. Sasa mtu mmoja lazima asimame Malaba aulize, mchele huu umetoka wapi? Punje haina pasipoti. Ndiyo maana ya karatasi za yule utingo. Kila nchi inapojitoa kidogo kwenye ukuta wa pamoja, mpaka wa ndani unarudi kuwa mpaka.

Kwa wafanyabiashara wadogo swali ni lile lile. Busia nilizungumza na mama mmoja anayevusha maharagwe kutoka Uganda. Mzigo wake uko chini ya dola 2,000, hivyo anastahili cheti rahisi cha uasili, kinachogongwa mhuri pale pale mpakani, na ushuru wa forodha haulipi. "Zamani tulipita njia ya panya," aliniambia akicheka, "siku hizi napita mbele ya afisa na kichwa juu." Kwake yeye Jumuiya si nadharia. Mji huu, tukumbuke, ndio uliotupa neno bodaboda, waendesha baiskeli wakibeba watu kutoka mpaka hadi mpaka. Na baada ya Jumuiya ya kwanza kuvunjika mwaka 1977 ukanda huu wote ulijulikana kwa magendo, kahawa ya Uganda ikivushwa usiku kufuata bei iliyopanda duniani baada ya baridi kali kuua mikahawa ya Brazil mwaka 1975. Ukiufunga mpaka, bidhaa hazisimami. Zinabadili njia tu.

Lipo jambo la pili, nalo ni nguvu ya kujadiliana. Nadharia inasema wanyonge wakiungana watasikilizwa. Machi 2016 wakuu wa Jumuiya waliazimia kupunguza mitumba hadi iishe, viwanda vyetu vya nguo vipate kuinuka. Mwaka uliofuata chama cha wauza mitumba wa Marekani kikalalamika kwa serikali yao kwamba azimio hilo linakiuka masharti ya AGOA, sheria ya Marekani ya mwaka 2000 iliyoziruhusu nchi za Afrika kuuza huko bila ushuru. Kenya, yenye viwanda vinavyoshona nguo za kuuza Marekani, ikarudi nyuma upesi. Uganda na Tanzania nazo zikalegeza. Rwanda ikabaki peke yake, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha huo. Nenda Kongowea leo uone mabelo. Sisemi mitumba ni mibaya, nusu yetu tumevishwa nayo. Nasema tuliungana kwa azimio tu, na kila mmoja alipoguswa mfuko wake akajitetea mwenyewe.

Na Ulaya ilikuwa vivyo hivyo. Jumuiya ilijadiliana nao pamoja, mazungumzo yakafungwa mwaka 2014, Tanzania ikakataa kutia saini. Tanzania na Uganda zinahesabiwa miongoni mwa nchi maskini kabisa, zinauza Ulaya bila ushuru hata bila mkataba. Kenya haimo kundi hilo, na mwishoni mwa 2014 maua yake yalitozwa ushuru huko kwa takriban miezi mitatu. Kwa hiyo Kenya ikaenda peke yake, ikatia saini Desemba 2023, na mkataba ukaanza Julai 2024. Bidhaa nyingi za Ulaya zitaingia Mombasa bila ushuru hatua kwa hatua, na zile zile zikivuka Malaba zitatakiwa kulipa. Swali jingine kwa afisa, karatasi nyingine kwa utingo.

Ongeza hapo COMESA, ambamo Kenya na Uganda zimo na Tanzania ilijitoa. Ongeza SADC, ambamo Tanzania imo na Kenya haimo. Kongo imo zote tatu. Ongeza eneo huru la Afrika nzima, lililotiwa saini Kigali Machi 2018. Mchumi Jagdish Bhagwati aliufananisha mchafuko wa aina hii na bakuli la tambi, nami sina picha bora ya kukupa.

Wengine husema basi tuache mikataba hii, turudi WTO. Kwa njia ipi? Mazungumzo makubwa yaliyoanza Doha mwaka 2001 hayajafika mwisho, hata mkutano wa mawaziri ulipofanyika Nairobi Desemba 2015, ingawa huko walikubaliana kufuta ruzuku za kuuza mazao nje, jambo kubwa kwa wakulima wetu. Jopo la rufaa la shirika hilo halifanyi kazi tangu Desemba 2019, Marekani ilipokataa kuteuliwa kwa majaji wapya.

Wala majirani hawaaminiki kila siku. Machi 2021 Kenya ilizuia ghafla mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu ya kuvu. Sumu ile inaua kweli, na sheria za WTO zinaruhusu kulinda afya kwa ushahidi wa kisayansi. Lakini malori yalikwama mpakani siku kadhaa, kisha zuio likalegezwa kwa masharti: waagizaji wajisajili, na kila mzigo uwe na cheti cha kupimwa. Masharti hayo yangeweza kutangulia zuio.

Mimi nauchagua ujirani pamoja na kasoro zake, kwa ajili ya yule mama na maharagwe yake. Ila watu wa Pwani tuna jambo la kufuatilia. Kila mwaka, mwishoni mwa Juni, Jumuiya hutoa gazeti lake rasmi lenye orodha ya viwango ambavyo kila nchi imeomba kujitoa, vinavyoanza tarehe 1 Julai. Orodha ya Kenya huwa ndefu. Mchele hutajwa humo, ngano hutajwa, na kila mstari ni bei fulani Marikiti na saa fulani za kungoja Malaba.