Tusome Picha Pamoja: Kanisa Dogo la Kijijini



Wengi wetu tukipewa picha tunaitupia jicho, tunasema, "Ah, ni kanisa," basi, tunaiweka kando. Lakini picha husomwa polepole kama barua. Tujaribu na nakala ya chapa ya picha iliyochorwa na Vincent van Gogh. Ni kanisa la kijiji cha Nuenen, Uholanzi, lililojengwa mwaka 1824.

Tunaona nini? Tutaje tu yaliyopo, bila kueleza. Kanisa dogo lenye kimnara. Kuna miti. Watu wanatoka ibadani, na baadhi ya akina mama wamejitanda shali za msiba.

Tunajua nini? Baba yake Vincent alikuwa mchungaji wa kanisa hilo. Mapema mwaka 1884 mama yake alivunjika mguu, naye kijana akamchorea picha hii ili kumfurahisha. Hapo mwanzo haikuwa na waumini. Alikuwepo mkulima mmoja tu, na sepetu yake begani. Tunajua hivyo kwa sababu Vincent aliichora pia ndani ya barua, na eksirei ilimwonyesha mkulima yule chini ya rangi. Machi 1885 baba akafa ghafla. Baadaye mwaka huo Vincent alirudia picha ile ile: akamfunika mkulima, akaweka waumini.

Tunakisia nini? Kwamba shali zile ni za kumlilia baba. Yaelekea ni hivyo, lakini hayo ni makisio. Tusiyachanganye na tunayoyaona kwa macho.

Mbona haya yatuhusu sisi? Kwa sababu katika mikutano yetu tunaruka hatua. Mtu anaona paa la kanisa linavuja, papo hapo tunachanga pesa za mabati. Hatujauliza ni nani hutoka mlangoni akiwa na majonzi, wala ni nani hakuja kabisa.

Mkutano ujao, chukueni picha ya zamani ya kanisa au shule yenu, muiweke katikati. Wazee waseme kwanza, kisha vijana, na akina mama wasiachwe nyuma. Halafu mjadili:

1. Tunaona nini hasa?
2. Ni nini kimebadilika tangu wakati ule, na kwa nini?
3. Nani hayumo kwenye picha, na leo yuko wapi?

Katibu aandike majibu. Mipango ifuate baadaye.